Nusu ampuli

Juzi usiku kijana mmoja wa usingizi, yaani anayelaza wagonjwa kwa dawa kabla ya upasuaji kama mimi zamani, aliniandikia: "Kaka, nimeanza kuchukua mabaki, ila bado najimudu." Nikaamka nikakaa kitandani. Maneno hayo hayo nilikuwa nikijiambia mbele ya kioo cha choo cha thieta, miaka kumi iliyopita.

Mimi nilianza na pethidini, dawa kali ya maumivu, ndugu wa mofini. Ampuli, kile kichupa cha dawa ya sindano, ina miligramu 100, mgonjwa anapewa 50, iliyobaki inatakiwa imwagwe mbele ya shahidi, naye asaini daftari. Shahidi wangu alikuwa anasaini huku anavua glavu, hata sinki haliangalii. Nusu ikaingia mfukoni. Mgongo uliniuma kwa zamu za usiku, nikajiambia ni dawa tu. Miezi mitatu baadaye naandika 100, mgonjwa nampa 50. Mama mmoja aliyejifungua kwa kisu alizinduka analia, nikamwambia muuguzi, "Huyu mwoga tu." Dawa yake ilikuwa mwilini mwangu.

Tuliosoma tunadhani teja ni yule wa kijiweni. Mwaka 1884 William Halsted, daktari mpasuaji wa Marekani, alijijaribishia kokeini akitafuta ganzi, ikamnasa. Akatibiwa kwa mofini, nayo ikamnasa. Wewe una akili kumzidi Halsted?

Nilipobambwa, wenzangu walioniita "bosi" waliacha kupokea simu zangu. Bado inaniuma, sifichi. Dada yangu ndiye aliyenipeleka kliniki ya Muhimbili ya methadoni, dawa wanayopewa mateja ili waache, ile iliyoanza 2011. Nikapanga foleni na mateja niliokuwa nikiwasonya stendi. Mmoja akanisogezea nafasi kwenye benchi: "Kaa, mwalimu, arosto haina cheo." Arosto ni yale mateso ya mwili ukikosa dawa. Ya miezi iliyofuata tuyaache.

Leo nina miaka tisa safi. Nafundisha, funguo za kabati la dawa sishiki wala sizitaki, na usiku nalala usingizi wangu mwenyewe. Wangapi walionicheka wanaweza kusema hivyo?

Kwa hiyo sema. Mwambie mtu mmoja, leo. Usisaini usichokiona kikimwagwa. Na usijitibu kimyakimya: ukikaa wiki kadhaa bila dawa mwili unasahau, ukirudia kipimo cha zamani pumzi inakata, na wewe ndiye mtu wa usingizi pekee chumbani. Sema, nasema tena.

Kijana, umesema kesho uko zamu. Funguo mpe msimamizi kabla ya kesi ya kwanza, halafu nipigie. Niko macho.