Mwili Umebaki Hamburg

SWALI: Nimerudi Tabata baada ya miaka 8 Hamburg. Kwenye daladala mabega yananipanda, pumzi inakata. Shangazi akinisalimia huushikilia mkono wangu hadi natamani kuuchomoa. Ndugu wananiita mzungu, na kule nako kila siku niliulizwa natoka wapi. Je, ni ugonjwa?
Dada wa Tabata

JIBU: Dada, pole. Uliyoyaeleza ni mazoea, na mazoea hufundishika upya. Mwili hujifunza umbali wa kukaa na watu bila mwenyewe kujua. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliupima miaka ya 1960: kwa Wamarekani aliowachunguza, chini ya sentimita 45 ni nafasi ya mwandani tu. Alisisitiza kwamba vipimo hivyo hubadilika kwa utamaduni. Chako kilibadilika Hamburg. Sasa abiria wa Kariakoo akikuegemea, misuli ya shingo inakaza kujihami, na ndugu wakiuona ukakamavu ule wanadhani ni maringo.

Anza na pumzi, lakini usivute nyingi. Ukivuta kwa nguvu mfululizo, kaboni dayoksaidi inapungua mno mwilini. Kichwa kinazunguka, vidole vinakufa ganzi, nawe unaona unazimia. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa polepole hadi 6, rudia mara 6. Ule utoaji mrefu ndio unaopunguza kasi ya moyo. Kisha legeza taya, shusha ulimi, sikiliza nyayo: kisigino, ukingo wa nje, kidole gumba. Macho yaache wazi, una mkoba wa kulinda. Fanya hivi nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki 2 kabla ya kulitegemea zoezi garini. Wengi hulijaribu mara ya kwanza wakiwa wameshabanwa, likishindwa wanalitupa.

Daladala nayo iendee kwa dozi. Panda saa 4 asubuhi, kiti cha dirishani, vituo 3 tu. Ukizoea, kaa kiti cha pembeni, halafu simama ushike bomba. Saa 12 jioni iwe ya mwisho. Wanaokushauri ujitose tu wanakukosea. Na ukiweza, usishuke hofu ikiwa kileleni, maana mwili utaamini kukimbia ndiko kulikouokoa. Ngoja ipungue kidogo ndipo ushuke.

Usisahau joto. Jasho na moyo kwenda mbio huletwa pia na jua la Januari, kiu au njaa, na aliyetoka kwenye baridi huhitaji kama wiki 1 hadi 2 mwili uzoee. Kunywa maji, kula, kisha ujipime tena. Moyo ukienda mbio hata umepumzika kivulini, au usingizi ukipotea kwa wiki kadhaa, nenda hospitali upimwe damu na presha kabla mtu hajakwambia ni mawazo.

Mkono wa shangazi unakuchosha kwa sababu unasubiri uachiwe. Upe kazi. Sema shikamoo, piga goti kidogo, mkono wa kushoto ushike kiwiko cha kulia, kisha uliza wewe: watoto, mguu, shamba. Mkono unaoshiriki haukakamai.

Kuhusu kuitwa mzungu, kubishana hakusaidii. Kwenye shughuli usikae sebuleni kuhojiwa habari za Ulaya. Ingia uani, chukua mbuzi ya nazi, ukune na wenzako. Kwaya nayo inafaa sana: watu wanaoimba au kufanya kazi kwa mapigo mamoja huzoeana upesi, bila maelezo mengi. Na ya Hamburg usiyafukuze. Ukipenda kutembea peke yako jioni, endelea. Waage tu nyumbani kwanza, wasidhani umenuna.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 14, mzaliwa wa Leeds, hataki kukumbatiwa na ndugu asiowajua. Nimlazimishe?
Baba wa Mbezi

JIBU: Hapana, baba. Shikamoo asiikwepe, ila kukumbatiwa kuwe hiari yake. Mfundishe kuwahi: anyooshe mkono akiwa bado hatua 2 mbali, ainamishe kichwa, aseme shikamoo kwa sauti ya kusikika. Anayekawia ndiye anayevutwa kifuani. Bibi yake mweleze mapema, faraghani, asije akaona kadharauliwa mbele ya wageni.