Kandege ka sola: maswali yenu wiki hii

Naendesha boda Kampala. Naweza kupata kandege kangu ka sola, niruke jamu ya Jinja Road?

Kaka, tupige hesabu. Jua la saa sita mchana linamwaga kama kilowati moja kwenye kila mita ya mraba, na paneli nzuri hunasa kama sehemu moja kwa tano tu. Mabawa ya Cessna 172, ile ndege ndogo ya watu wanne, yana mita za mraba kama 16. Yafunike yote kwa paneli, utapata kilowati tatu na kidogo. Hiyo boda unayoikalia ina nguvu zaidi! Injini ya Cessna yenyewe inapita kilowati 100.

Mbona ile ndege ya sola, Solar Impulse 2, ilizunguka dunia? (Mwanafunzi, Mbale)

Ilizunguka kweli, 2015 hadi 2016, ikaanzia na kuishia Abu Dhabi. Lakini mwanangu, mabawa yake yalikuwa mita 72, mapana kuliko ya Boeing 747, na ndege nzima tani 2.3 tu, kiti kimoja. Kutoka Japani hadi Hawaii, rubani André Borschberg alikaa humo karibu saa 118, akisinzia dakika 20 kwa mara moja. Alipotua, betri zilikuwa zimeharibika kwa joto, na safari ikasimama zaidi ya miezi tisa. Mbale ungeiegesha wapi?

Leseni inatakiwa?

Ndiyo, ya urubani. Jua ni bure, anga si bure.

Sisi tuko ikweta, hatuna nafuu? (Mama wa duka, Entebbe)

Ipo, dada: jua letu halififii miezi kadhaa kama la Ulaya. Ila unalijua lile wingu jeusi linalopanda kutoka ziwani, hujamaliza kuanua nguo limeshafika. Bawa refu na jepesi hivyo haliuwezi upepo wake.

Basi tuache? (Mwalimu, Soroti)

La, mwalimu. Paneli ziwekeni juu ya paa. Pipistrel Velis Electro, ndege ya umeme ya viti viwili iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020, ina betri za kilowati-saa kama 25 na huruka karibu dakika 50. Paa la hanga (banda la ndege) lenye mita za mraba 100 za paneli laweza kuzijaza kwa saa mbili hivi za jua kali. Nanyi hapo Soroti mna chuo cha urubani: anayejifunza kupaa na kutua huzunguka kiwanja tu, haendi mbali huko Arua, kwa hiyo dakika 50 zinamtosha.