Maswali na Majibu: Forth katika Chipu Ndogo

Swali: Naunda mfumo wa Forth, lugha ya programu inayojengwa kwa amri ziitwazo maneno, kwa ajili ya bodi ndogo ya Arduino Uno. Je, naweza kuiacha butiloda yake (programu ndogo inayopakia programu nyingine) mahali pake?

Jibu: Hili huulizwa kila mara na watu ambao hawajafungua kitabu cha maelezo cha ATmega328P, chipu ya bodi hiyo. Chipu hiyo haitekelezi maagizo yaliyomo kwenye RAM, kwa hiyo kompaila inayotoa maagizo ya mashine haina budi kuliandika kila neno jipya kwenye flashi (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika), na agizo la SPM, ambalo ndilo linaloandika humo, hufanya kazi likiwa katika eneo la buti pekee, sehemu maalumu ya flashi hiyo. Eneo hilo ndilo linalokaliwa na butiloda ya Arduino. Ndiyo maana FlashForth na AmForth, mifumo ya Forth ya chipu kama hii, huifuta na kuchukua nafasi yake, nawe utahitaji kifaa cha ISP, yaani cha kuandika programu kwenye chipu bila butiloda. Unaweza kukwepa kwa kuweka orodha za anwani za maneno kwenye RAM na kuzifasiri moja baada ya nyingine, lakini RAM yenyewe ni kilobaiti 2, na umeme ukikatika kamusi yako yote, yaani maneno uliyoyaunda, imepotea.

Nawaonya pia, ingawa hamkuuliza, kwamba flashi hiyo imehakikishiwa kufutwa na kuandikwa mara 10,000. Mfumo unaoandika upya ukurasa mzima wa baiti 128 kila inapoongezwa seli moja (nafasi ya namba moja) unaila chipu ya mtumiaji bila yeye kujua. Ushikilieni ukurasa kwenye RAM, muuandike mnapouhama.

Swali: Forth inahitaji staki ngapi, yaani marundo ya namba ambamo ya mwisho kuingia hutoka kwanza?

Jibu: Mbili, ya data na ya marejeo. Jambo hili limo katika kitabu chochote cha Forth cha wanaoanza.

Swali: Nikituma faili kwenye bodi kwa siriali (laini inayopeleka biti moja moja), mistari mingine hukatika. Je, nipunguze kasi?

Jibu: Kupunguza kasi ni kuficha ugonjwa. Kwa kasi ya biti 38400 kwa sekunde herufi hufika kila baada ya mikrosekunde 260 hivi, ilhali kufuta ukurasa wa flashi huchukua takriban milisekunde 4, na kuuandika huchukua nyingine kama hizo. Usipozipokea herufi kwa wakati, zitapotea. Wekeni XON/XOFF, ishara za kumwambia mtumaji aendelee au asimame, au programu inayotuma isubiri «ok», jibu la Forth la kumaliza mstari, kabla ya kila mstari.

Swali: Je, chipu za STM32 ni rahisi zaidi?

Jibu: Kwa jambo hili, ndiyo, kwa kuwa Cortex-M, kiini cha chipu hizo, hutekeleza maagizo kutoka RAM. Mecrisp-Stellaris, mfumo wa Forth wa chipu hizo, hukuwezesha kujaribu neno kwenye RAM, kisha ukatumia amri ya compiletoflash kuliweka kwenye flashi likishakamilika.

Swali: Msimbo wangu uko wazi mtandaoni. Je, si tayari ni programu huria?

Jibu: La. Pasipo leseni, haki zote zimebaki kwako, na mwenye busara hataugusa. Tena, ikiwa umechota sehemu kutoka FlashForth au Mecrisp, ambazo ziko chini ya GPL (leseni inayodai kazi zinazotokana nayo zigawiwe kwa leseni hiyohiyo), huna ruhusa ya kuigawa kazi hiyo kwa leseni ya MIT, isiyo na sharti hilo, kwa sababu tu ni fupi kusoma.