Kwa nini Kretzschmar alivuma kuliko waliobeba vikombe vingi
Eti umaarufu wake ni nywele za rangi na tatuu tu? Hapana kaka, Stefan Kretzschmar, yule Mjerumani wa handiboli (mpira wa mikono), alikuwa anajua mchezo. Winga wa kushoto, anaruka toka kona kabisa, akiwa hewani anamsubiri kipa atangulie kushuka ndo anaachia. Na handiboli kaikuta nyumbani, mamake Waltraud alikuwa bingwa wa dunia akiwa na timu ya Ujerumani Mashariki.

Klabu yake Magdeburg walichukua ligi ya Ujerumani 2001, mwaka uliofuata wakabeba Ligi ya Mabingwa, klabu ya kwanza ya Ujerumani kufanya hivyo, na jamaa alikuwemo. Timu ya taifa ndo mkosi, medali ya fedha mashindano ya dunia 2003, ya fedha tena Olimpiki ya Athens 2004, fainali wakapigwa na Croatia 26 kwa 24, akastaafu timu ya taifa bila dhahabu, halafu 2007 wenzake wakatwaa ubingwa wa dunia tena nyumbani, inauma aisee.

Ila hereni usoni na lile penzi lake na mwogeleaji Franziska van Almsick vilimfanya ajulikane hata na watu wasiofuatilia handiboli, na mdomo wake nao haujawahi kupoa, ndo maana baadaye tivii zikamchukua kuchambua mechi.