Siku moja Kupro: magofu asubuhi, milima mchana

Msomaji mmoja yuko Limassol, mji wa Kupro, kikazi. Ana Jumamosi moja tu ya kupumzika, gari la kukodi, na orodha ya sehemu 11 anazotaka kuziona kabla ya giza. Nimemjibu kwamba azipunguze ziwe nne: magofu ya mji wa kale wa Kourion, vijiji vya Omodos na Kakopetria, na kanisa la Asinou. Tena kwa mpangilio huohuo. Anayeanza na milima mwezi wa saba hufika Kourion jua likiwa la utosini, juu ya mwamba mweupe usio na kivuli. Hupiga picha mbili za ukumbi wa maonyesho na kukimbilia garini. Inaniuma nikisikia hivyo, kwa sababu kilicho bora pale hakiko kwenye ukumbi.

Kwanza gari. Kupro ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1878 hadi 1960, kwa hiyo magari hupita kushoto na plagi ni ya pini tatu, kama Kenya na Tanzania. Jaza tangi mjini. Soma bima yako: nyingi hazilipi tairi, vioo wala uvungu wa gari, na ramani ya simu hupenda njia za mkato za vumbi. Ikikutoa kwenye lami, usiifuate.

Kourion iko karibu kilomita 20 magharibi ya Limassol. Fika lango linapofunguliwa, baada ya saa mbili asubuhi, na lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, maana mawe yamelainishwa na nyayo na yanateleza hata yakiwa makavu. Ukumbi wenyewe upe dakika 10. Jirani yake, chini ya paa la kisasa, ipo nyumba ya Eustolios ya karne ya 5, na hapo ndipo pa kukaa. Tafuta maandishi ya sakafuni yanayosema kwamba nyumba hii, badala ya mawe makubwa, chuma na shaba, imezungushiwa alama za Kristo. Maneno hayo yana uzito mahali hapa, kwa kuwa mji ulibomolewa na tetemeko la ardhi katika karne iliyotangulia. Kisha mtafute Ktisis, mwanamke wa mozaiki, yaani picha ya vipande vidogo vilivyopangwa sakafuni, aliyeshika kipimo cha urefu wa futi moja. Jina lake maana yake ni uumbaji, au ujenzi. Ondoka kabla ya saa tano.

Omodos ni kijiji cha mvinyo chenye monasteri ya Msalaba Mtakatifu katikati. Egesha kwenye uwanja wa magari mwanzoni mwa kijiji. Vichochoro vya ndani ni vyembamba na kugeuza ni taabu. Ukila, agiza sahani moja. Meze ni mlolongo wa sahani nyingi ndogo zinazoletwa polepole, na itakumalizia saa mbili ambazo huna.

Juu ya milima ya Troodos pita tu. Kilele cha Olympus kina mita 1,952, na hata kiangazi utahitaji sweta jioni. Theluji ikianguka, polisi huweza kufunga barabara kwa magari yasiyo na minyororo ya tairi wala mvuto wa magurudumu manne. Ukiteremka kwenda Kakopetria tumia gia ya pili. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Ukisikia harufu ya kuungua, simama robo saa. Kakopetria yenyewe tembea mtaa wa zamani, wenye roshani za mbao juu ya mto. Nusu saa inatosha.

Asinou iko kilomita chache juu ya kijiji cha Nikitari. Kwa nje utadhani ni ghala, na wapo wanaogeuza gari papo hapo. Paa lile la mwinuko mkali lilifunikwa juu ya dari la mawe ili mvua na theluji visipenye, na ndilo lililosaidia kuhifadhi michoro ya ukutani ya 1105 na 1106. Funika mabega na magoti, na kamera iache kwenye mkoba. Subiri dakika tano macho yazoee giza. Mtazame Nikephoros, mfadhili, akimtolea Kristo kanisa dogo alilolibeba mikononi. Sebule ya kuingilia ilijengwa baadaye, na sehemu kubwa ya michoro yake ni ya karne ya 14, kwa hiyo usishangae mkono wa mchoraji ukibadilika ukivuka mlango.

Asinou kuna mlinzi, lakini makanisa mengine ya milimani hufungwa. Ukikuta kufuli, uliza mwenye ufunguo kwenye mgahawa wa kijiji, ila usimwamshe mtu wakati wa kulala mchana, na acha chochote kwenye kisanduku cha mishumaa. Kurudi Limassol pitia barabara kuu ya upande wa Nicosia hata kama ni ndefu zaidi; kona za Troodos usiku, baada ya siku nzima ya kuendesha, hazifai.