Muulize Dada wa Kaunta: Povu linakataa kukaa

Dada wa Kaunta, shikamoo. Nimejaribu martini ya espreso, ule mchanganyiko wa vodka na kahawa nzito, nyumbani mara nne sasa. Ladha si mbaya, lakini inatoka nyeusi tupu, povu hakuna. Sina mashine ya espreso, natumia birika dogo la kuweka juu ya jiko. Natikisia kwenye chupa ya jemu. Nakosea wapi? — Asiyekata Tamaa

Marahaba, mdogo wangu. Mara nne si nyingi. Mimi nilipoanza kazi hii nilirudishiwa glasi na mteja mbele ya watu, kwa kosa hilohilo lako, na siku ile ndipo nilipoanza kuiangalia barafu kwa jicho jingine.

Tuanze na kahawa yenyewe. Punje zilizokaangwa karibuni huwa bado zimebeba hewa ya kaboni dioksidi ndani. Mashine ya espreso husukuma maji kwa mgandamizo wa ba 9 hivi, na hewa hiyo ikatoka pamoja na mafuta na protini za kahawa. Ndiyo ile krema ya rangi ya hudhurungi juu ya kikombe. Birika lako husukuma kwa ba moja au mbili tu, kwa hiyo krema huipati. Usilitupe, lakini. Tumia kahawa iliyokaangwa majuzi, na kahawa ikianza kupanda, chukua ile ya mwanzo mwanzo, nzito, mililita 30. Ikianza kuwa nyepesi na kukoroma, acha, hiyo kunywa na maziwa.

Njia nyingine, ambayo wenzangu wengi huionea haya na mimi siioni haya hata kidogo: kahawa ya kuyeyuka. Vijiko vidogo viwili ndani ya mililita 30 za maji ya moto, koroga mpaka iishe kabisa. Inatoa povu zuri sana. Ladha yake haina kina cha espreso, ila kwa glasi ya nyumbani inatosha.

Vipimo: vodka mililita 50, likeri ya kahawa (pombe tamu yenye ladha ya kahawa) 30, espreso 30, shira 10. Shira ni sukari na maji ya moto kiasi sawa kwa sawa, ikayeyuka, ikapoa. Mimi mwenyewe naweka 5 tu, maana likeri tayari ina sukari ya kutosha, na uchungu wa kahawa unastahili kusikika. Kama huna kipimo, kijiko kikubwa ni mililita 15.

Sasa barafu, ndipo ulipo ugonjwa wako, naamini. Toa mapande kwenye friza dakika ileile unayotaka kutikisa. Gusa pande moja kwa kidole chenye unyevu kidogo: likinata kwenye ngozi, hilo ndilo. Likiteleza na kuacha maji kwenye kidole, limeshaanza kuyeyuka, na maji hayo yote yanaingia kwenye kinywaji kabla hujatikisa hata mara moja. Jaza chombo zaidi ya nusu. Watu huweka vipande vitatu wakidhani wanazuia maji, kumbe barafu kidogo ndiyo inayoyeyuka upesi.

Halafu hiyo chupa ya jemu. Nakuomba sana, usimimine kahawa ya moto kwenye kioo chenye barafu kisha ukafunga. Kioo hupasuka mkononi. Kama huna chombo cha chuma cha kutikisia, iache kahawa ipoe kwanza. Ukiwa na cha chuma, mimina vodka, likeri na shira, kisha kahawa baada ya dakika moja au mbili, barafu mwisho, funga, tikisa. Tikisa kwa nguvu, kwa mikono miwili, sekunde 15 hivi. Sikiliza: mwanzo barafu inagonga kwa ukali, baadaye sauti inafifia na kuwa nzito, chuma kinafanya ukungu nje na vidole vinaanza kuuma. Hapo simama. Chombo kikigoma kufunguka usiogope. Hewa ya ndani imepoa ikanywea, ikavuta kifuniko. Kigonge ubavuni kwa kiganja.

Chuja haraka, mara moja, kwenye glasi iliyokaa friza. Usiiguse. Itaingia ikiwa kahawia yote, kisha taratibu weusi utashuka chini na povu litapanda juu, mstari kati yao ukazidi kuonekana. Mpaka leo huwa naacha ninachofanya nikaangalia. Weka punje tatu za kahawa katikati. Povu likiwa zima, zitaelea.

Dada, mume wangu anasema martini ya espreso si martini kabisa. Nani ana haki? — Mama Wawili

Shemeji ana haki, kwa vipimo. Martini yenyewe ni jin na vermuti kavu, aina ya divai, basi. Hii ya kahawa ilibuniwa London na Dick Bradsell miaka ya 1980, naye aliiita kwanza Vodka Espresso. Jina la martini lilikuja baadaye, zama ambazo karibu kila kilichomiminwa kwenye glasi ile ya mdomo mpana kiliitwa hivyo. Mpe ushindi wake, kisha mpe na glasi.

Martini yangu ya jin ina uchachu mbaya mwishoni. Jin ni nzuri, nimeinunua kwa pesa yangu. Na je, nitikise au nikoroge? — Kaka wa Zeituni

Kaka, jin yako haina kosa. Nionyeshe vermuti iko wapi. Iko kabatini, imefunguliwa miezi kadhaa, sivyo? Vermuti ni divai iliyoongezwa kileo na majani ya harufu, na divai ikifunguliwa huharibika. Iweke kwenye friji, imalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Nunua chupa ndogo.

Koroga. Jin mililita 60, vermuti 10, barafu tele, nusu dakika. Ukitikisa unaingiza viputo na vumbi la barafu, kinywaji kikawa na ukungu; uzuri wa martini ni ung'avu wake. Kahawa tunaitikisa kwa kuwa tunataka povu. Hapa hatulitaki.

Nina wageni wanane. Naweza kuandaa mapema? — Mwenyeji

Ya jin, ndiyo. Changanya jin na vermuti, kisha ongeza maji robo ya ujazo wote, badala ya yale ambayo barafu ingeyeyusha. Weka friza saa mbili kabla. Usiiache usiku kucha, maana ikishaingia maji inaweza kuanza kufanya chembe za barafu. Ya kahawa, changanya vodka, likeri na shira tu. Kahawa ipike wageni wakiwa wamekaa, na utikise glasi mbili mbili.

Mdogo wangu hanywi pombe, na mimi nikinywa tatu silali. Tufanyeje? — Dada Mkubwa

Kwa mdogo wako: espreso mbili, shira 15, chembe ya chumvi, tikisa vilevile kwa barafu ileile. Povu litakaa vizuri, na apewe glasi ya shingo ndefu kama wengine, pamoja na punje zake tatu.

Kwako wewe, tatu ni nyingi, nakwambia kwa kukupenda. Kafeini inaondoa usingizi, haiondoi ulevi. Unajiona mzima na huku pombe yote imo mwilini. Na nusu ya kafeini bado inazunguka saa tano baadaye. Kunywa moja, mapema, baada ya chakula. Ukitaka ya pili, ipike kwa kahawa iliyotolewa kafeini. Ukitikisa sawasawa, povu lake nalo hukaa.