Kidole gumba si ridhaa: kwa wadadisi wapya

Jumatatu nilisimama nyuma ya kijana mmoja wa mradi wetu wa utafiti, akiomba watu ridhaa ya kushiriki. Bibi aliyekuwa mbele yake bado anapapasa miwani, yeye kashafungua kidau cha wino. Nilijiona mwenyewe miaka 15 iliyopita. Sogeeni hapa, wanangu.

1. Acheni kuuliza "Umeelewa?" Mzee mwenye adabu zake atakujibu "Ndiyo, daktari", na wewe udaktari huna, una koti tu. Mwombe akusimulie yeye: damu inakwenda wapi, na akikataa itakuwaje.

2. Shahidi wa asiyejua kusoma asiwe mtu wa mradi. Hapa ndipo nilipoungulia. Jua kali, lengo la siku watu 20, na kurasa tatu za fomu nazisoma kama mtangazaji wa mpira. Bibi mwenye mguu uliovimba kila nikivuta pumzi anaitikia "haya, mwanangu". Shahidi hayupo. Nikamwamsha dereva wetu aliyekuwa akisinzia kwenye usukani, akasaini.

Wiki mbili baadaye nikamkuta yule bibi zahanati alfajiri, na fimbo yake, mkononi chupa tupu. "Nimefuata dawa ya mguu. Si mlishanipima damu?" Kwenye fomu imeandikwa wazi kwamba hakuna tiba. Niliisoma mimi, kwa mdomo wangu.

Kwenye mafunzo tukitaja utafiti wa Tuskegee mnapiga miayo. Marekani, 1932 hadi 1972, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, hata penisilini ilipopatikana. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Mimi sikumdanganya bibi, ila ile chupa haikujali tofauti hiyo.

Monita, yaani mkaguzi wa utafiti, alipofungua mafaili akakuta saini ya dereva kwenye fomu 11. Niliandika ripoti ya ukiukaji wa itifaki, yaani mpango ulioidhinishwa wa utafiti, kwenda kamati ya maadili, halafu nikatumwa nyumba kwa nyumba kuomba ridhaa upya. Kwa miguu, maana dereva hakutaka kuniona.

3. Mwenyekiti wa kijiji anakufungulia mlango, ridhaa hatoi. Wala kijana anayemjibia mama yake mwenye akili timamu. Kwa aliyepoteza kumbukumbu, ndugu atasaini kama itifaki inaruhusu, lakini mgonjwa akivuta mkono, funga sindano yako uondoke.

4. Nauli apewe hata anayejitoa katikati.

5. Mwacheni mtu aende nayo fomu nyumbani, alale nayo. Yule bibi nilimrudia wa mwisho, kwa aibu. Safari hii nilikaa kwenye mkeka, mjukuu wa jirani akisoma polepole. Walipofika kwenye "unaweza kukataa bila kunyimwa huduma", akamsimamisha.

"Rudia hapo."

Mtoto akarudia.

"Kumbe! Basi mimi nakataa." Kisha akanikaribisha uji.